Wankambo Wetu kwa Upande wa Mama

Katika mikutano ya waliorudi teritware ya Nyunzu, swali ni lile lile: nani alitangulia kukaa hapa? Tangu mapigano ya Batwa na Baluba ya 2016, swali hilo limechoma manyumba mingi.

Wanasayansi nao wanalichimba, lakini ndani ya mifupa na damu. Kuna ADN ya aina moja ambayo haipitie kwa baba. Mama anawapa watoto wake wote, lakini mabinti tu ndio wataipitisha mbele. Ukiifuata nyuma, unapita kwa mama, kwa nkambo mwanamke, kwa mama yake nkambo, mpaka maelfu ya miaka.

Kule Kameruni, kwenye pango la Shum Laka, kulifukuliwa mifupa ya watoto wane: wawili walizikwa karibu miaka 8,000 iliyopita, wawili karibu 3,000. Wataalamu wa lugha wanasema ni pande zile lugha za Kibantu zilianzia. Lakini matokeo ya 2020 yalionyesha kwamba ADN ya watoto hao ilikaribia zaidi ile ya wawindaji wa msituni wa leo kuliko ya wasemaji wa Kibantu.

Basi, watu wa msituni walitangulia, na maneno yameisha? Hapana. Mwaka 2008, timu ya Lluís Quintana-Murci ilichunguza ADN ya upande wa mama kwa watu 1,404 wa Afrika ya Kati, wawindaji na wakulima. Walikuwa hasa wa magharibi, si wa Nyunzu, lakini habari yao inatugusa. Pande zote mbili zilitoka kwa wankambo wamoja, na hazikuachana zaidi ya miaka 70,000 iliyopita. Kisha, tangu miaka kama 40,000, wanawake wa msituni waliingia kuzaa upande wa wankambo wa wakulima. Kinyume chake kilikuwa kidogo sana.

Kwetu pia jambo hilo tunalijua. Mwanaume Muluba akioa Mutwa, watu wananyamaza. Binti Muluba akitaka kuolewa na Mutwa, ni makelele. Maana yake, anayemtukana Mutwa pengine anamtukana nkambo wake mwenyewe.

ADN haipimi shamba. Mpaka unaulizwa kwa majirani, kwa chifu na kwenye baraza la amani. Lakini tunaomba kila kamati ya waliorudi iweke mama Mutwa na mama Muluba kwenye benchi moja, kabla ya kupima shamba la kwanza.