PC na Macintosh

PC na Macintosh ni aina mbili za kompyuta binafsi ambazo zimeshindana ofisini, shuleni na nyumbani tangu miaka ya 1980. Jina PC hutumika hapa kwa kompyuta zinazofuata muundo wa IBM PC ya mwaka 1981, ambazo nyingi huendeshwa na programu za kampuni ya Microsoft: kwanza MS-DOS, baadaye Windows. Macintosh, kwa kifupi Mac, hutengenezwa na kampuni ya Apple na ilianza kuuzwa mwaka 1984. Kwa miaka mingi programu iliyoandikwa kwa ajili ya moja haikufanya kazi kwenye nyingine. Kwa hiyo aliyenunua kompyuta alikuwa anachagua pia programu atakazotumia, vifaa atakavyoweza kuunganisha, na watu atakaoweza kubadilishana nao mafaili.

Chanzo cha PC

IBM ilitangaza kompyuta yake tarehe 12 Agosti 1981 kwa bei ya kuanzia dola 1,565 za Marekani. Ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu katika toleo la bei ya chini kabisa. Kwa kuwa IBM ilitaka kuingia sokoni haraka, ilitumia vipuri vya makampuni mengine badala ya kubuni kila kitu yenyewe. Mfumo wa uendeshaji ilipewa na Microsoft, ambayo nayo ilikuwa imenunua msingi wake kutoka kampuni ndogo ya Seattle Computer Products. Katika mkataba huo Microsoft ilibaki na haki ya kuuza mfumo uleule kwa watengenezaji wengine.

Sehemu pekee ambayo wengine hawakuweza kuinunua dukani ilikuwa programu ndogo iliyowekwa ndani ya chipu za IBM kwa ajili ya kuiwasha kompyuta na kuunganisha vifaa vyake. Wahandisi wa kampuni ya Compaq waliandika programu yao wenyewe inayofanya kazi kwa namna ileile bila kunakili ya IBM, na mwishoni mwa 1982 wakatangaza kompyuta ya kubebeka iliyoweza kuendesha programu za IBM PC. Makampuni mengine yalifuata, bei zikashuka, na IBM ikapoteza mamlaka juu ya kitu ilichokianzisha. Mwaka 2005 iliuza biashara yake ya PC kwa kampuni ya Lenovo ya China.

Programu zilizouza mashine

Wafanyabiashara wengi hawakununua kompyuta kwa kuipenda mashine yenyewe. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali la kwanza kwa kompyuta binafsi, kwa ajili ya Apple II. Mhasibu aliyekuwa akipiga hesabu za bajeti upya kwa penseli kila tarakimu moja ilipobadilika, sasa aliona jumla zote zikijirekebisha zenyewe. Watu walikuwa wakinunua Apple II ili tu wapate VisiCalc.

Mwaka 1983 nafasi hiyo ilichukuliwa na Lotus 1-2-3, lahajedwali lililoandikwa kwa IBM PC na lenye kasi kubwa zaidi. Programu hiyo ilitegemea vifaa vya ndani vya PC kwa ukaribu mno hata ikawa kipimo: kompyuta ya kuiga iliyoshindwa kuendesha 1-2-3 haikuhesabiwa kuwa PC kamili. Kipimo kingine kilikuwa mchezo wa kurusha ndege wa Microsoft, Flight Simulator. Ofisi nyingi zilikwisha kujaza disketi zao kwa majedwali ya Lotus kabla Macintosh haijaanza kuuzwa.

Macintosh

Apple ilizindua Macintosh tarehe 24 Januari 1984 kwa bei ya dola 2,495, siku mbili baada ya kuonesha kwenye televisheni ya Marekani tangazo lililoongozwa na Ridley Scott. Badala ya kuandika amri kwa kibodi, mtumiaji alisogeza kipanya na kubofya aikoni na madirisha kwenye skrini. Mawazo haya hayakuwa yote ya Apple; mengi yalikuwa yamejaribiwa katika maabara ya Xerox huko California miaka ya 1970, na Apple yenyewe ilikuwa imeyatumia mwaka 1983 katika kompyuta ya Lisa, iliyouzwa karibu dola 10,000.

Mac ya kwanza ilikuwa rahisi kujifunza lakini ilikuwa na mapungufu makubwa. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128, haikuwa na diski kuu, na mwenye kiendeshi kimoja cha disketi alilazimika kuzitoa na kuziingiza mara nyingi ili kunakili moja kwenda nyingine. Hapakuwa na nafasi ya kuongeza kadi ndani yake. Kwa mhasibu, hoja ya urahisi haikutosha.

Kilichoipatia Mac makao yake ni uchapishaji. Mwaka 1985 Apple ilitoa printa ya leza ya LaserWriter, iliyotumia lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe, na kampuni ya Aldus ikatoa PageMaker, programu ya kupanga kurasa. Kwa pamoja ziliwezesha ofisi ndogo kutayarisha jarida au kitabu bila kupeleka kazi yote kiwandani. Wasanifu na wachapishaji wengi wakabaki na Mac hata pale kompyuta nyingine zote katika jengo zilipokuwa PC. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba hata Excel ya Microsoft ilianzia kwenye Mac mwaka 1985. Toleo la Windows lilikuja miaka miwili baadaye.

Kazi ya ofisini nyumbani

Uchaguzi wa ofisi uliingia nyumbani kupitia mfuko wa disketi. Aliyetaka kumaliza ripoti jioni alihitaji kompyuta iliyosoma mafaili ya kazini. Disketi za Mac za inchi 3.5 zilifanana kwa sura na zile za PC, lakini Mac za mwanzo ziliandika kwa kubadilisha kasi ya mzunguko, kitu ambacho viendeshi vya PC havikuweza kukisoma. Kuanzia 1988 Apple iliweka viendeshi vilivyoweza kusoma disketi za PC, ila tatizo halikuisha. Hata maandishi matupu yalitofautiana: Mac ilimaliza mstari kwa alama moja ya siri, PC kwa mbili, hivyo barua iliyohamishwa ingeweza kutokea kama mstari mmoja mrefu au kujaa alama za ajabu.

Michezo nayo iliandikwa zaidi kwa PC.

Windows na mwafaka wa 1997

Microsoft ilitoa Windows ya kwanza mwaka 1985, lakini iliyoenea kwelikweli ni Windows 3.0 ya mwaka 1990. Apple ilikuwa imeishtaki Microsoft mwaka 1988 kwa kuiga sura ya Mac, ikashindwa. Sababu mojawapo ilikuwa leseni ambayo Apple yenyewe ilikuwa imeitoa mwaka 1985. Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, iliondoa sehemu kubwa ya tofauti ambayo mteja wa kawaida aliiona dukani, tena kwenye mashine za bei nafuu.

Apple ilikaribia kufilisika. Mwezi Agosti 1997 Steve Jobs, aliyekuwa amerejea katika kampuni, alitangaza kwamba Microsoft itanunua hisa za Apple za dola milioni 150 na kuendelea kutengeneza Office kwa Mac kwa miaka mitano. Ahadi ya Office pengine ilikuwa na uzito kuliko fedha: bila Word na Excel, Mac isingekubalika katika ofisi yoyote ya kawaida. Mwaka uliofuata ikatoka iMac, isiyokuwa na kiendeshi cha disketi.

Baada ya mwaka 2000

Mac OS X ya mwaka 2001 ilijengwa juu ya msingi wa Unix. Mwaka 2006 Apple ilianza kutumia prosesa za Intel, na kwa programu ya Boot Camp Mac moja iliweza kuendesha Windows pia. Nafasi hiyo imefungwa kwenye Mac zenye prosesa za Apple yenyewe, zilizoanza kutolewa Novemba 2020.

Njia ya tatu ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambayo hupatikana bure na hufanya kazi kwenye PC nyingi. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia huko, likabadilisha maelfu ya kompyuta, kisha baraza lake likapiga kura mwaka 2017 kurudi Windows. Katika harakati hizohizo za programu huria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows na Office.

Kwa mnunuzi wa leo kazi nyingi hufanyika ndani ya kivinjari, na hapo aina ya kompyuta haina maana sana. Zimebaki programu zenye masharti: Final Cut Pro ya kuhariri video haipatikani kwa Windows, Microsoft Access na Revit ya wasanifu majengo ni za Windows, na anayeandika programu za iPhone kwa zana za Apple kwa kawaida huhitaji Mac. Matengenezo ni suala jingine. Kumbukumbu ya PC nyingi za mezani inaweza kuongezwa na fundi wa mtaani, wakati kwenye Mac mpya za kubebeka haibadiliki baada ya kununuliwa. Umri pia huhesabiwa: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima hazikidhi masharti ya Windows 11, Apple nayo huziacha Mac za zamani kila inapotoa matoleo mapya. Diski ya nje iliyoandaliwa kwa Windows katika muundo wa NTFS husomeka kwenye Mac, lakini Mac haiwezi kuandika juu yake bila programu ya ziada. Anayetumia zote mbili huiandaa kwa muundo wa exFAT.