Jinsi sumaku inavyoachanisha mabehewa ya reli ya mfano bila kuguswa

KWA mtazamaji asiyeujua uraibu wa reli za mfano, kuachanisha behewa moja na jingine ni jambo dogo lisilostahili kujadiliwa. Kwa mwenye meza ya reli, hilo ndilo huamua iwapo kazi yake ya miezi mingi ni reli inayofanya kazi au ni pambo la kutazamwa tu.

Treni ya mfano yaweza kuizunguka meza siku nzima bila tatizo. Hata hivyo, reli halisi haikujengwa ili treni izunguke. Ilijengwa ili behewa la saruji liachwe kituo hiki, la nafaka lichukuliwe kile, na yaliyo matupu yarudishwe yalikotoka. Kila tendo la aina hiyo lahitaji mabehewa kuachana mahali palipokusudiwa, na kubaki yameshikana kwingineko kote.

Mkono wa binadamu unaposhuka kutoka juu kuyaachanisha, mambo huharibika. Behewa huruka reli, ngazi zake nyembamba huvunjika, na nyumba za kijiji cha mfano zilizo kando ya njia huangushwa na kiwiko. Ndiyo maana waraibu wengi, hasa Marekani, huiachia sumaku iliyotegwa njiani kazi hiyo.

ASILI YA KIUNGIO

Kiungio kinachoigwa katika mifano mingi kilibuniwa na Eli Janney wa jimbo la Virginia, Marekani, aliyepata hataza yake 1873. Muundo wake wafanana na vidole vya mikono miwili iliyokunjwa na kushikana. Mabehewa yanapogongana, vidole hivyo hujifunga vyenyewe.

Kabla ya hapo, wafanyakazi wa reli walilazimika kusimama kati ya mabehewa yanayosogea ili kutia pingili ya chuma na pini kwa mikono. Wengi walipoteza vidole, na wengine maisha. Sheria iliyotiwa saini na Rais Benjamin Harrison mnamo Machi 1893 ilizitaka kampuni za reli za nchi hiyo kutumia viungio vinavyojifunga vyenyewe. Viungio vya ukoo huo vimeenea duniani, na ndivyo vinavyoyavuta mabehewa ya reli ya SGR iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017.

Katika ulimwengu wa mifano, jina lililotangulia mengine ni Kadee, kampuni ya jimbo la Oregon iliyoanzishwa na ndugu wawili pacha, Keith na Dale Edwards, mwaka 1946. Jina lenyewe latokana na herufi za kwanza za majina yao. Kampuni hiyo ndiyo iliyoeneza kiungio kidogo kinachofunguliwa kwa sumaku. Baada ya hataza yake kuisha katika miaka ya 1990, watengenezaji wengine walianza kuuza viungio vya namna hiyohiyo vinavyoshikana na vya Kadee.

NAMNA KINAVYOFANYA KAZI

Kiungio hicho kina sehemu nne muhimu: kichwa, kidole kinachofunguka, springi ndogo inayokirudisha kidole mahali pake, na kipini cha chuma kilichopinda ambacho huning'inia chini ya kidole. Kwa macho, kipini hicho chafanana na mpira wa breki za hewa unaoonekana kwenye behewa halisi. Nyuma ya kichwa kuna springi nyingine inayokirejesha kiungio katikati kila kinaposukumwa kando.

Sumaku hulazwa kati ya reli mbili, na nguvu zake huelekea pembeni, upande wa kila reli. Viungio viwili vilivyoshikana vinapofika juu yake, kipini cha kimoja huwa kando kidogo ya mstari wa katikati, na cha pili huwa kando ya upande mwingine. Kwa hiyo sumaku huvuta kimoja kushoto na kingine kulia. Vidole hufunguka, vichwa huachana.

Siri ya mpango mzima imo katika neno moja: kulegea. Treni inapokuwa ikivutwa, vidole hukazana kwa nguvu inayoishinda sumaku, hivyo mabehewa hupita salama. Mvutano unapolegea ndipo sumaku hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Utaratibu basi ni huu. Kwanza, treni husogezwa polepole hadi viungio vinavyokusudiwa viwe juu ya sumaku, kisha husimamishwa. Pili, injini hurudi nyuma milimita chache ili mvutano ulegee, na vidole hufunguka. Tatu, injini huondoka taratibu, na behewa hubaki.

Kuna hatua ya ziada ambayo ndiyo fahari ya mtambo huu. Viungio vikishaachana, lakini vingali juu ya sumaku, injini huweza kulisukuma behewa tena. Kwa kuwa vichwa vyote viwili vimevutwa kando, hukutana bila kujifunga. Behewa husukumwa hivyo hadi popote katika njia ya kando. Injini inapoondoka, springi hurejesha kila kiungio katikati, tayari kushika tena. Kwa njia hiyo, sumaku moja mlangoni mwa njia ya kando yatosha kwa urefu wake wote.

AINA TATU ZA SUMAKU

Ya kwanza ni sumaku ya kudumu inayowekwa kati ya reli, juu ya mataruma. Ni rahisi kuiweka hata kwenye njia iliyokwisha kujengwa, ila huonekana.

Ya pili ni sumaku ya kudumu inayofichwa chini ya mataruma. Hii haionekani, lakini yafaa ipangwe kabla ya njia kulazwa, kwani ubao hulazimika kukatwa. Mwenye reli huweka alama kando, kama vile kichaka au nguzo, ili ajue pa kusimamisha treni.

Ya tatu ni sumaku ya umeme, ambayo huamka tu kitufe kinapobonyezwa. Ndiyo inayofaa zaidi kwenye njia kuu, kwa kuwa treni zisizohitaji kuachanishwa hupita juu yake kana kwamba haipo. Gharama yake ni kubwa zaidi, na haipaswi kuachwa ikiwaka kwa muda mrefu kwa sababu hupata joto.

KINACHOHARIBU KAZI

Lawama nyingi zinazoelekezwa kwa sumaku huwa zinastahili kuelekezwa kwa behewa. Kosa la kwanza ni kimo. Katika mifano ya kipimo cha HO, ambapo kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya kitu halisi na upana wa njia ni milimita 16.5, kitovu cha kiungio hutakiwa kuwa karibu milimita 9.9 juu ya reli. Kiungio kilicho chini au juu ya hapo huteleza na kumwachia mwenzake njiani, hasa kwenye mwinuko.

Kosa la pili ni kipini. Chapaswa kuwa karibu milimita 0.8 juu ya uso wa reli. Kikiwa chini mno, hukwama kwenye makutano ya njia na kuliangusha behewa. Kikiwa juu mno, sumaku haikifikii. Kifaa maalumu cha kupimia huonyesha vimo vyote viwili kwa mara moja, na koleo hutumika kukipinda kipini hadi kikae sawa.

Kosa la tatu ni msuguano. Kiungio chapaswa kuyumba kwa urahisi na kurudi katikati chenyewe. Chembe ya plastiki iliyosalia kiwandani, rangi au gundi iliyoingia ndani ya kisanduku chake hutosha kukizuia. Tiba yake ni kusafisha na kutia unga wa grafaiti. Mafuta hayafai, kwani hunasa vumbi.

Kosa la nne huwashangaza wengi: ekseli za chuma. Magurudumu mengi ya plastiki huwa na ekseli ya chuma inayovutwa na sumaku. Behewa jepesi hujisogeza lenyewe, hugonga lililo mbele, na mvutano hulegea pasipotarajiwa. Ekseli za shaba nyeupe au za plastiki huliondoa tatizo hilo.

Uzani nao una sehemu yake. Chama cha kitaifa cha waraibu wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kilichoundwa 1935, hupendekeza kwamba behewa la HO liwe na gramu 28, pamoja na gramu 14 hivi kwa kila inchi ya urefu wake. Behewa la inchi sita basi hufikia gramu 113. Jepesi kuliko hapo, husukumwa badala ya kutulia viungio vyake vikutane.

Mwisho ni mahali pa kutega. Sumaku yataka njia iliyonyooka na iliyo tambarare, na mnyoofu huo uzidi urefu wa behewa refu zaidi kila upande. Kwenye kona, vichwa tayari vimeelekezwa kando na huenda visiachane. Kwenye mteremko, mabehewa ya nyuma huyasukuma ya mbele, mvutano hulegea, na treni hukatika katikati bila amri ya mtu. Sumaku ya kudumu kwenye njia kuu ya namna hiyo ni mtego.

MCHEZO WA AKILI

Umuhimu wa haya yote huonekana katika mchezo uitwao Inglenook, uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright. Una njia tatu za kando, moja ya kutosha mabehewa matano na mbili za matatu kila moja. Mabehewa manane hutumika, na mchezaji hutakiwa kupanga treni ya mabehewa matano kwa mfuatano uliopatikana kwa kura. Mifuatano inayowezekana ni 6,720.

Meza ya mchezo huo yaweza kutoshea kwenye rafu ya chumba kidogo. Lakini zamu moja huweza kuhitaji kuunga na kuachanisha mara nyingi, na behewa moja lenye kipini kilichopinda vibaya hutosha kuvuruga hesabu yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema.

Kwa hiyo waraibu makini hulijaribu kila behewa kabla ya kuliingiza kazini. Hulipitisha juu ya sumaku mara kumi likivutwa bila kulegezwa, na lisiachane hata mara moja. Kisha hulisimamisha na kulilegeza mara kumi, kwa ncha zote mbili, na liachane kila mara. Lililoshindwa huondolewa njiani, likapimwa kimo, kipini, kisanduku, ekseli na uzani kwa mpangilio huo. Aghalabu dosari hupatikana kabla ya kufika mwisho wa orodha, na urekebishaji wake hauchukui zaidi ya dakika chache.