Mama, Rais na Ibara ya 37

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima ambayo mara nyingi hatuitambui. Mtu akisema "Rais amefika", msikilizaji hawezi kujua kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke. Nilipokuwa nikifundisha sarufi katika chuo cha ualimu, nilizoea kuwaambia wanachuo kwamba ngeli ya kwanza haiulizi mtu amevaa suruali au gauni. Huuliza tu kama ni mtu. Walicheka, kisha wakasahau. Tarehe 19 Machi 2021 sarufi hiyo iligeuka historia, pale Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa sita wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Huku kwetu Mwika jambo hilo halikupita bila mazungumzo. Uchaggani kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume, na umangi, hadi ulipofutwa baada ya Uhuru, kwa kawaida ulipita mikononi mwa wanaume. Mwanamke alipalilia migomba, akakata majani ya ng'ombe na kujitwika ndizi kwenda sokoni, lakini shamba lenyewe halikuitwa lake. Ndiyo maana wazee waliokaa kwenye mbege waliuliza swali lililo la kawaida kabisa kwetu: "Huyu mama amepewa na nani?"

Jibu ni kwamba hakupewa na mtu. Katiba yetu, katika Ibara ya 37, inaeleza kwamba Rais akifariki, Makamu wa Rais ataapishwa na kumaliza muda uliobaki. Kabla ya hapo Makamu huyo huwa amepigiwa kura pamoja na Rais kama mgombea mwenza, na kama Rais anatoka upande mmoja wa Muungano, Makamu lazima atoke upande wa pili. Utaratibu huu ulitokana na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1994, ukaanza kutumika katika uchaguzi wa 1995. Walioutunga walikuwa wakitafuta dawa ya matatizo ya Muungano katika mfumo wa vyama vingi. Lakini sheria nzuri ni kama njia ya kijiji. Aliyeichonga hajui wote watakaoipita. Rais John Pombe Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, akiwa Rais wa kwanza wa nchi yetu kufia madarakani, Makamu wake ndiye aliyelitangazia taifa msiba huo. Siku mbili baadaye aliapishwa.

Wala hakuwa mgeni katika kazi za umma. Alizaliwa Unguja tarehe 27 Januari 1960, binti wa mwalimu. Mwaka 1977 alianza kazi serikalini akiwa karani. Baadaye alisomea utawala Mzumbe, na katika miaka ya 1990 akasoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa viti maalum, akawa waziri. Mwaka 2010 alichaguliwa mbunge wa Makunduchi. Mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba, na mwaka 2015 akawa mgombea mwenza. Kutoka meza ya karani hadi kiti cha Rais ni miaka 44. Huo si mwujiza. Ni ngazi iliyopandwa hatua kwa hatua.

Tena ngazi hiyo ilianza kuegemezwa ukutani na wengine. Bibi Titi Mohamed aliwakusanya wanawake wa Dar es Salaam kuingia TANU kuanzia mwaka 1955. Lucy Lameck, aliyezaliwa hapa Moshi mwaka 1934 na kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia serikalini baada ya Uhuru, akiwa naibu waziri. Barani Afrika, Ellen Johnson Sirleaf aliapishwa kuwa Rais wa Liberia mwaka 2006, na kwa jirani zetu wa Malawi Joyce Banda alishika urais mwaka 2012 kwa njia ile ile ya Samia, yaani kwa kifo cha Rais aliyekuwapo.

Hata hivyo kuna urais na urais. Ireland ilimchagua Mary Robinson mwaka 1990, na baadaye Mary McAleese mwaka 1997, lakini Rais wa Ireland haendeshi serikali. Kazi hiyo ni ya waziri mkuu. Rais wetu ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu kwa pamoja. Kwa hiyo mwanamke aliyekalia kiti hiki amekalia mamlaka mazito, na mamlaka mazito hupimwa kwa ratili nzito.

Hapa ndipo neno "Mama" linaponipa mashaka. Mara tu alipoapishwa, nchi nzima ilimwita Mama Samia. Kwetu ni neno la heshima, nami silikatai. Lakini lilitumiwa na watu wa aina mbili. Wapo waliolitumia kumdunisha, wakimaanisha kwamba mama ana huruma tu wala hawezi kuamua. Na wapo waliolitumia kumkinga, kwa kuwa mama hahojiwi na wanawe. Yeye mwenyewe, katika siku zake za mwanzo, aliwaambia waliomtilia shaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, ila ana maumbile ya kike. Kauli ile ilikuwa sahihi. Basi tumchukue kwa neno lake.

Tukimpima kama Rais, yapo ya kusifiwa. Mimi mwalimu nitataja kwanza la mwezi Novemba 2021, serikali yake iliporuhusu wasichana waliopata mimba kurudi katika shule za umma. Katika miaka yangu ya ualimu niliona madawati mengi yakibaki matupu namna hiyo, na mvulana aliyehusika akiendelea na masomo kwenye dawati la nyuma yake. Kufungua mlango ule kulikuwa haki. Januari 2023 aliondoa zuio la mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa, lililokuwapo tangu 2016. Watu wakapumua.

Lakini yapo pia ya kuuliza. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, Tundu Lissu wa CHADEMA alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, chama chake kikiwa nje ya uchaguzi, na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alikuwa ameenguliwa. Maandamano yalizuka mijini, intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Matokeo yalimpa karibu asilimia 98 ya kura, na waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango. Rais aliapishwa tarehe 3 Novemba, na mwezi huo huo akaunda tume ya kuchunguza yaliyotokea.

Je, msomaji, katika hili tumhukumu kama mwanamke? La hasha. Wako wanaosema sasa kwamba haya ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke nchi. Hao wasome historia ya bara letu. Damu ya chaguzi imemwagika chini ya wanaume wengi bila mtu kuwalaumu wanaume wote. Lakini pia wasije wengine wakatuambia tunyamaze kwa sababu ni mama. Mama aliyefiwa na mwanawe katika siku zile naye ni mama, na anadai jibu.

Samia Suluhu Hassan aliingia Ikulu kwa mlango wa Katiba, bila kuombewa na mtu yeyote. Katiba ile ile iliyomfungulia mlango bila kuuliza jinsia yake ndiyo inayompa kila raia uhai wake, kura yake na sauti yake, nayo haiulizi jinsia ya raia wala chama chake. Mjukuu wangu wa kike anayesoma hapa Mwika anajua tayari kwamba anaweza kuwa Rais. Hilo limekwisha thibitishwa na halitafutika. Linalobaki ni ajue pia kwamba akishakuwa Rais, atahojiwa kama mtu mwingine yeyote.