Mpira wa Mkojo kutoka Wodini hadi Uani: Tiba ya Kibofu kwa Walioumia Uti wa Mgongo na Mazingira ya Mnazi Mmoja

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengi walioumia uti wa mgongo waliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Kibofu kisichopata amri ya ubongo hujaa kupita kiasi, mkojo hurudi nyuma, na figo huharibika.

Katika kituo cha Stoke Mandeville, Uingereza, kilichofunguliwa mwaka 1944, Ludwig Guttmann alisisitiza mpira uingizwe kwa vipindi na kutolewa, kwa vifaa visivyo na kijidudu chochote. Maisha yaliokolewa, lakini tiba ilibaki mikononi mwa wahudumu. Mwaka 1972, Jack Lapides na wenzake wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha: mgonjwa hunawa na kujitoa mkojo mwenyewe, kwa kuwa kibofu kilichotanuka hudhuru kuliko vijidudu vichache.

Badiliko hilo liliihamishia tiba nyumbani. Mnazi Mmoja na Kariakoo haziko mbali na Muhimbili, ilipo Taasisi ya Mifupa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Hata hivyo, katika nyumba za Kiswahili za eneo hilo, choo cha uani hutumiwa na wapangaji wote, na kiti cha magurudumu hukwama mlangoni. Kwa hiyo, utengamao unaoishia kwenye mafunzo ya wodini haujakamilika. Maji, faragha na upatikanaji wa mipira ni sehemu ya tiba yenyewe.