Makaburi ya Nyeri

Leo tuyazuru makaburi ya Nyeri. Penye kanisa la Mtakatifu Petro amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki mwaka 1941. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani yenye maana kwamba mtu amekwisha kwenda kwao. Makaburini humo humo yumo Jim Corbett, mwindaji wa chui-milia wa Bara Hindi, aliyefariki 1955. Katika kanisa la Wataliani yumo mwanamfalme Amedeo wa Aosta, aliyekufa mfungwa wa vita mwaka 1942. Wageni hao wote majina yao yameandikwa. Bali Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alinyongwa 1957 akazikwa Kamiti pasipo alama. Basi tuwaheshimupo wageni, tusimsahau mwenyeji aliyezikwa bila jiwe.