Kuchuja divai ya ndizi kwa pampu ya ombwe

Uchujaji kwa ombwe ni njia ya kuondoa hamira na chembe za tunda katika divai ya nyumbani. Faneli yenye karatasi ya chujio huwekwa juu ya chupa nene, na hewa ya ndani hutolewa kwa pampu. Kwa kweli pampu haivuti divai. Hewa ya nje ndiyo inayoisukuma. Mji wa Kasese nchini Uganda uko takriban mita 950 juu ya usawa wa bahari, hivyo msukumo huo hufikia kama asilimia 90 tu ya ule wa pwani.

Kioevu cha ndizi ni kigumu kuchuja. Pektini yake huziba karatasi mapema, na gesi iliyobaki baada ya kuchacha hutoa povu linaloweza kuingia kwenye pampu, ndiyo maana chupa ya pili, tupu, huwekwa katikati. Divai huachwa kwanza itulie mpaka masimbi yashuke, kisha ya juu humiminwa taratibu. Chupa nyembamba isitumike: inaweza kupasuka kuelekea ndani.

Tonto, pombe ya ndizi ya Uganda, haihitaji vifaa hivi. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi, na nyasi hizohizo hushika makapi. Mtama uliokaangwa huongezwa, na pombe hunywewa ikiwa na ukungu wake baada ya siku chache. Kuipitisha kwenye pampu ni kuipotezea ladha bure. Chombo hicho kinaifaa zaidi divai ya kuhifadhiwa chupani, kwa wakazi wa Kasese na hata Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe.