Dawa na Anwani Yake

Hapa Singida Mjini, mtu akitaka kumpelekea nduguye kifurushi Dodoma, huenda kituo cha mabasi, akaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji. Kifurushi kisicho na jina, hata kiwe na mali ya thamani gani, hubaki ofisini. Kwa maoni yangu, historia ya dawa za kunyamazisha jeni ni historia ya kutafuta namna ya kuandika jina hilo.

Mwaka 1998, Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani walionyesha, kwa kuchunguza minyoo wadogo, kwamba RNA ya nyuzi mbili huweza kunyamazisha jeni iliyokusudiwa. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Lakini dawa ya kwanza ya aina hiyo, patisirani, iliidhinishwa mwaka 2018. Kwa nini miaka 20? RNA tupu ikiingia katika damu huharibiwa upesi au huchujwa na figo. Patisirani ilifungwa katika vitone vidogo mno vya mafuta, na ini huvipokea kwa urahisi. Hivyo ini likafikika. Viungo vingine vikabaki vikingoja.

Mwaka 2006, Paul Rothemund alionyesha kwamba uzi mrefu wa DNA huweza kukunjwa na kushikwa kwa nyuzi fupi zaidi ya 200, mithili ya msusi wa vikapu. Mwaka 2012, watafiti wa Massachusetts Institute of Technology na wenzao walisuka piramidi ndogo za DNA, wakazibebesha RNA na kuzibandika asidi ya foliki. Zilinyamazisha jeni katika uvimbe wa saratani wa panya, mradi foliki ziwe 3 au zaidi na zielekee panapostahili.

Waama, nayawazia haya kwa sababu ya selimundu. Inakadiriwa kwamba watoto 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kuwa anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria; ndiyo maana imeenea kwetu. Jeni nyingine, BCL11A, huzuia hemoglobini ya uchanga. Ikidhoofishwa, hemoglobini hiyo hurudi na maumivu hupungua. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 2023, hufuata njia hiyo, ila seli hutolewa mwilini, zikarekebishwa maabara, kisha zikarudishwa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2.

Jirani zetu wa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, walianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Ni hatua ya kujivunia, lakini si kila mtoto ana ndugu anayelingana naye.

Kikapu cha DNA kinachojua njia ya kwenda kwenye uloto kingeiepusha familia na safari hizo. Bado ni kazi ya maabara. Ini lilitangulia kwa kuwa lilikuwa rahisi kufikiwa. Zamu ya uloto haitakuja yenyewe. Sharti wawepo watafiti wanaoamka kila siku wakiwaona watoto hawa, na wengi wao yafaa watoke kwetu.